Kifua Kisichoitika

Nani alianza kumwita Mama Hodi hakuna anayekumbuka, ila aliyeanza hakukosea. Kazi ya mama yule ilikuwa kugonga vifua vya watu. Alilaza kidole kimoja juu ya mbavu za mgonjwa, akakipiga kwa ncha ya kidole cha mkono mwingine, tu, tu, halafu akatulia, kichwa kakiinamisha, kama mgeni aliyesimama kwenye mlango wa watu. Penye hewa kifua huitika kama mtungi mtupu. Penye maji sauti hufa palepale, kama umegonga gunia la mchanga.

"Mimi napiga hodi tu," aliwaambia wagonjwa. "Wa ndani ndio wanaonijibu."

Wengine walicheka. Wengine walivaa mashati yao upesi hata vifungo vikakosana na matundu yake.

Alikuwa tabibu wa kifua katika hospitali ya kawaida, si kubwa si ndogo, na wagonjwa wake wengi walikuwa wale wanaokohoa damu. Chumba chake kilikuwa mwisho wa ujia, madirisha yametolewa vioo makusudi ili upepo upite na kuondoka na vidudu. Upepo wenyewe haukuwa na adabu. Mchana kutwa ulilitikisa pazia la kubadilishia nguo kana kwamba kuna mtu nyuma yake anajifunga kanga. Nje palikuwa na benchi, na kila aliyekaa pale alishika kopo lenye kifuniko. Soga hakuna. Mmoja akikohoa, wenzake hawakumtazama usoni. Walitazama kopo.

Mama Hodi alikwisha kuyazoea hayo. Hakuanza na kifua hata siku moja, alianza na mdomo, kwa sababu damu ya ufizi, damu ya pua, damu ya tumbo na damu ya kifua hazina undugu. Ya tumbo huja nyeusi, na matapishi. Ya kifua huja nyekundu, na povu, na kikohozi.

"Fungua mdomo, baba. Panua, sikuombi jino. Lo! Na hii ndiyo damu iliyokufanya uandike wosia? Huna ugonjwa wa kifua wewe, una uvivu wa mswaki. Nenda zako, mrithi wako asubiri kidogo."

Baba wa watu alitoka anacheka peke yake ujia mzima, na benchi lote likamwonea wivu.

Lakini mama yule alikuwa na lake moyoni. Sikio lake la kushoto lilikuwa linamwacha. Lilianza kwa mvumo, kama mtu anayevuta pumzi karibu yake na hataki kujulikana. Mara ya kwanza aligeuka kumtazama. Mara ya pili akageuka tena. Baadaye akaacha kugeuka, na mvumo ukakaa, ukawa kama mpangaji. Nyumbani binti yake alimkuta kakaa sebuleni, mlango umefungwa.

"Mama, nimebisha hodi mpaka mkono umekufa ganzi. Ulikuwa umelala?"

"Nilikuwa nawaza."

"Unawaza kwa nguvu, mama. Jirani wa tatu kaitikia karibu kabla yako."

Alicheka, binti naye akacheka, yakaishia hapo. Hakumwambia mtu. Tabibu wa kifua asiyesikia ni sawa na mpishi asiye na ulimi: akijulikana, atapewa kazi ya kuhesabu mashuka.

Katika hali hiyo ndipo alipoletewa Fundi Magodoro.

Alikuwa mwanamume mwembamba wa makamo, mshona magodoro ya pamba, na pamba ilimfuata kila alikokwenda, kwenye nyusi, kwenye masikio, kwenye kola. Aliketi juu ya kitanda cha kupimia, rangi imemtoka, na matundu yote mawili ya pua kayaziba kwa pamba nyeupe. Mama Hodi alisita mlangoni. Pamba puani huwekewa mtu ambaye hana tena haja ya pumzi.

"Toa hicho kitu, baba. Waliokwisha kufa wanapokelewa jengo la nyuma."

"Samahani, tabibu. Pua yangu haikauki. Tangu utotoni."

"Hata siku ya harusi alikuja nayo," alisema mkewe, mwanamke mnene mwenye macho ya kutazama chini, aliyesimama na kopo mkononi. "Ndugu zangu walidhani ni pambo."

Mama Hodi aliangaza mdomo kwa tochi: safi. Puani: makamasi mazito, damu hakuna. Akafungua kopo. Nyekundu, na povu, na chini yake makohozi ya kijani yenye harufu iliyomfanya ageuze uso. Akamwambia fundi agusanishe vidole viwili, kucha kwa kucha. Kwa mtu mwingine hubaki kitundu kidogo katikati, mwanga unapenya. Kwa fundi mwanga haukupenya. Ncha za vidole zilikuwa zimevimba, mviringo, kama virungu. Hiyo si kazi ya mwezi mmoja wala miwili. Hicho ni kifua kilichoanza kuoza zamani, pole pole, mwenyewe akilaumu pamba.

Akapapasa shingo akitafuta tezi, akabonyeza miguu kutazama kama imevimba, akahamia mgongoni. Mgongoni ndiko alikopenda kusikiliza mapafu, maana anayekohoa damu ukimkalia mbele atakukohoa usoni. Akaweka mpira wa kusikilizia masikioni. "Vuta pumzi. Achia. Vuta." Chini, upande wa kushoto, akasikia mchakacho, kama mtu anatembea juu ya changarawe akijitahidi asisikike. Upande wa kulia, safi.

Kisha akazunguka mbele kusikiliza moyo.

Akaupeleka mpira chini ya titi la kushoto, mahali anapopajua kuliko anavyojua jiko lake. Akasubiri.

Kimya.

Akaubonyeza zaidi. Pumzi aliisikia, ikiingia na kutoka mbali kama upepo chini ya mlango. Moyo hakuusikia. Akauondoa mpira, akaupuliza, akaurudisha. Kimya. Akagonga. Pale ambapo moyo huzima sauti, sauti haikuzima, kifua kiliitika wazi, kama chumba ambacho wenyewe wamehama na vyombo vyao. Akainua macho. Fundi Magodoro alikuwa anamtazama, anapepesa kope zenye pamba, yu hai.

"Kuna nini, tabibu?"

"Nyamaza, nasikiliza."

Hakuna alichokuwa akisikiliza. Alikuwa anausikia mvumo wake mwenyewe tu, ule wa mtu asiyetaka kujulikana, safari hii masikio yote mawili. Limekwisha, aliwaza. Yamekufa yote. Jasho likamtoka, na upepo ukamkausha hapo hapo.

"Moyo hauna neno," alisema. "Vaa. Kapigwe picha."

Basi, uongo una miguu mifupi, lakini siku ile ulipata wa kuubeba. Picha ya eksirei ilirudi, ikatundikwa kwenye kisanduku cha taa, na moyo ukaonekana pale pale unapokaa moyo wa kila mtu, kushoto, mnene, hauna wasiwasi. Na ule uozo ulionekana kulia, chini. Yeye aliusikia kushoto. Picha ikasema kulia.

Mtu mwingine angeuliza. Mama Hodi hakuuliza, kwa kuwa jibu alikuwa nalo: masikio yake hayakufa tu, sasa yalikuwa yanamdanganya. Akajifungia chumbani akasikiliza moyo wake mwenyewe. Upo. Nyumbani akamsikiliza binti yake, ambaye alilalamika kwamba mpira ni wa baridi. Upo. Akawasikiliza wa benchi lote, mmoja mmoja, hata aliyekuja na jino. Mioyo yote iliitika, kwa mbali, lakini iliitika. Wa fundi tu ndio uliokaa kimya. Kila alipomkuta wodini, maana alikwisha kulazwa, alipita upesi kama mtu anayepita makaburini. Fundi alimsalimu, yeye akaitikia akitazama mguu wa kitanda.

Damu ilizidi. Asubuhi moja ilijaa kikombe. Ikaamuliwa wasisubiri: daktari mpasuaji, ambaye huja kutoka hospitali kubwa, atamfungua fundi na kuikata ile sehemu iliyooza ya pafu la kulia. Mtu huweza kuishi bila kipande kile, alisema, ilimradi kwingine kuwe kuzima. Mama Hodi akaagizwa ampime kwa mara ya mwisho kabla ya kupasuliwa, athibitishe.

Hapo ndipo usingizi ulipomkimbia. Kama masikio yake yameharibika, fundi atapona naye hatajulikana. Kama hayakuharibika, basi picha ndiyo inayodanganya: watalikata pafu lisilo na ugonjwa, na mtu wa watu atabakiwa na bovu. Hatamaliza siku. Na kusema, maana yake ni kusema yote: kwamba alisikia kimya akaandika neno lingine, na kwa nini.

Walimleta chumbani kwa kiti cha magurudumu, mkewe akisukuma. Mama Hodi akafunga mlango. Hakuuchukua mpira. Aliinama, akalaza sikio lake la kulia, lile zima, juu ya ngozi ya kifua cha fundi, upande wa kushoto, kama mtoto anayesikiliza ukutani wazazi wanasema nini. Ngozi ilikuwa ya moto, inanuka pamba na dawa. Changarawe ilikuwepo. Kingine hapana.

"Usijisumbue, mama," sauti ilisema nyuma yake. "Hapo hakuna kitu."

Alikuwa mke wa fundi. Alikuwa anatazama sakafu.

"Hakuna kitu vipi?"

"Hakuna. Nimelalia hapo tangu nilipoolewa. Hakuna kitu."

Fundi akageuza shingo. "Mke wangu, unasema nini?"

"Nasema unachokisikia. Usiku wa kwanza nililaza kichwa, nikasubiri. Nikasema labda ni mimi, nina kiwewe. Usiku wa pili nikasubiri tena. Mpaka nikawa naamka nakuwekea kidole puani, nione kama unapumua, na pua zenyewe umeziba pamba!" Mwanamke yule alianza kulia bila sauti. "Ningemuuliza nani? Mama yangu? Nimwambie mmeniozesha mtu asiye na moyo? Wangesema nimerogwa, au wangesema wewe si mtu. Nikaona maadamu anakula, anagombana na wateja, anakoroma, basi na aishi hivyo hivyo alivyo. Nikanyamaza."

"Umenyamaza miaka yote hiyo na mimi ubavuni?"

"Nilikuwa nakuogopa. Halafu nikakuzoea."

Upepo ulilipuliza pazia, likavimba, likatulia. Mama Hodi alinyanyuka. Nywele za mikono zilimsimama, na wakati huo huo kitu kizito kilimshuka mabegani, maana masikio ya watu wawili hayawezi kufa kwa ugonjwa mmoja. Kimya kile kilikuwa cha kweli. Na kama ni cha kweli, mtu huyu anaishi kwa nini?

Aliweka kiganja juu ya kifua. Hakujua anatafuta nini. Mkono ukaanza kusogea wenyewe, ukavuka mfupa wa katikati, kama mtu anayepapasa ukuta wa chumba cha wageni akitafuta swichi. Ukafika upande wa kulia, chini ya titi, mahali ambapo katika maisha yake yote hakuwahi kutafuta chochote.

Kitu kikamgonga.

Tu-tu. Tu-tu. Kutoka ndani, kwa subira, kama mtu aliyekuwa akibisha siku zote kwenye mlango ambao hakuna aliyejua kwamba ni mlango.

Mama Hodi akavuta mkono kama aliyeungua. Kisha akaurudisha. Akagonga chini ya mbavu za kushoto, mahali pa tumbo, panapopaswa kuitika kama ngoma: sauti ikazima. Ini lilikuwa pale. Mtu mzima alikuwa amepangwa kinyume, kama nyumba iliyojengwa na fundi aliyeishika ramani kwa nyuma.

"Upo," alisema. "Moyo wako upo, baba. Umekaa kwingine tu."

Kisha akafungua mlango na kwenda mbio, mama mzima, kandambili mkononi.

Mpiga picha alikuwa anakunywa chai. "Herufi ya kushoto na kulia kwenye picha iko wapi?" Mama Hodi alimuuliza.

"Ile ya madini ya risasi? Ilipotea zamani, mama. Hatuihitaji. Tunatazama moyo. Moyo ulipo ndiyo kushoto, tunageuza picha hapo, tunatundika."

"Na kama moyo wa mtu hauko kushoto?"

Mpiga picha alimtazama kama aliyeulizwa kuhusu mtu mwenye kichwa gotini. Halafu akaweka kikombe chini.

Mpasuaji alikwisha kunawa mikono. Alikuwa mtu wa maneno machache, na machache hayo hayakuwa matamu. "Tabibu, wewe mwenyewe ndiye uliyesema moyo hauna neno."

"Nilisema uongo. Sikuusikia. Nilidhani ni masikio yangu, kwa sababu sikio langu la kushoto linakufa, na nilikuwa naficha." Alisema yote kwa pumzi moja, kama anayemeza dawa chungu. "Mengine utanifanya baadaye. Sasa njoo uweke mkono."

Alikuja. Akaweka mkono kushoto, akasubiri. Akauweka kulia. Mama Hodi aliuona uso wake ukibadilika, akajua na yeye amebishiwa hodi. Mpasuaji alivuta kiti akakaa, mikono aliyoinawa akaiacha mapajani.

Walipiga picha nyingine. Mke wa fundi alitoa ufunguo wa kufuli la nyumba yake, wakaubandika kwa plasta kwenye bega la kushoto la fundi. Picha ilipotoka, ufunguo ulikuwa upande mmoja, moyo upande wa pili. Uozo ulikuwa chini ya ufunguo. Mpiga picha akaanza kuzitoa kabatini picha zote za zamani, moja moja, anazigeuza na kuzigeuza tena, hata walipomwambia aende nyumbani akakataa.

Fundi Magodoro alipasuliwa kushoto. Ilichukua asubuhi yote. Mke wake na Mama Hodi walikaa kwenye benchi, wakiutazama mlango.

Mpasuaji alipotoka alikuwa kalowa jasho. "Kimetoka," alisema. "Atapumua." Kisha akamvuta Mama Hodi kando, na kwa mara ya kwanza akaongea kama mtu mwenye shangazi. "Nimepasua wengi. Leo mikono yangu ilikuwa inataka kwenda kulia, mimi nairudisha. Naishika, inaondoka. Ilikuwa kama napasua mtu aliye ndani ya kioo, na mwenyewe kasimama nyuma yangu ananitazama." Akajifuta uso. "Kuhusu uongo wako, nitaandika. Lazima niandike. Na sikio lako nitalitazama kesho. Tangu leo ukisikiliza, asikilize na mwingine baada yako."

Mama Hodi alikubali kwa shingo upande, lakini alikubali. Barua ya onyo ilikuja, akaisaini. Kazini hawakumtoa.

Alipokwenda kumtazama fundi wodini, alimkuta kaegemea mito, pamba yake puani kama kawaida, anakohoa makohozi meupe. Alikuwa na swali.

"Tabibu, hebu niambie. Yule ninayemwona kwenye kioo nikinyoa ndevu, moyo wake uko kushoto?"

Mama Hodi alifikiri. "Ndiyo."

"Basi yeye ndiye mtu wa kawaida."

"Nyoa ndevu zako, baba, usigombane naye."

Mkewe alikuwa upande wa pili wa kitanda, anakunja kanga. Kwa mara ya kwanza alikuwa anamtazama mumewe usoni, tena bila haraka, kama anayekagua kitu alichonunua zamani na leo ndiyo anakifungua.

"Ukitoka hapa," alimwambia, "mimi nahamia upande wa ukutani, kulia kwako."

"Upande wa ukutani ni wangu tangu tuoane."

"Ulikuwa wako," alisema mkewe, akaendelea kukunja.